Sura ya Sita: Lita Nane za Mlimani

Lita nane za dizeli ndizo zilizomweka Seremala mahabusu, na Bi Swali alikuwa na asubuhi moja tu ya kujua zilikwenda wapi.

Mkuu wa kituo alikwisha kusema lake. Saa nane mchana mtuhumiwa anapandishwa garini, anapelekwa mahakamani kusomewa shtaka la kumuua mjomba wake, na anayetaka kulia alie.

"Ushahidi upo," alisema, akilifunga jalada kwa kiganja. "Mshirika wa marehemu ananipigia simu kila nikikaa. Anataka kujua tunangoja nini. Nimwambie tunangoja nini?"

"Mwambie ananingoja mimi," alisema Bi Swali, akachukua mkoba wake.

Jina hilo hakupewa na mama yake. Walimbandika askari wenzake, maana yeye akikuuliza ulikula nini asubuhi, mpaka mnaachana umeshamtajia nani alipika, kuni zilitoka wapi na kwa nini hukumaliza. Bastola yake ilikuwa haijalia miaka na miaka. Mdomo wake haukupumzika hata siku moja.

Kesi yenyewe kwa macho ya haraka ilikuwa imeiva. Jumamosi jioni Mjomba, mfanyabiashara wa mbao, alikutwa amelala chali sebuleni kwake juu mlimani, kichwa kimepasuliwa kwa kipande cha mninga. Wiki hiyohiyo alikuwa amegombana na mpwa wake, Seremala, juu ya mbao mbovu, na nusu ya soko ilisikia. Seremala aliapa kwamba Jumamosi nzima alikuwa njiani kupeleka viti kwa mteja ng'ambo ya mto, akarudi moja kwa moja nyumbani. Mteja alikiri kupokea viti. Baada ya hapo Seremala alikuwa peke yake na pikapu lake kuukuu, na kipimo cha kilometa cha pikapu hilo kilikufa zamani. Halafu Mshirika, yule mpiga simu, akasema aliliona pikapu likipanda mlimani.

Hapo ndipo Sajini alipopiga hesabu yake. Asubuhi ya Jumamosi Seremala alijaza tangi mpaka shingoni. Jumapili polisi wakalijaza tena mpaka shingoni, likameza lita thelathini. Kwa mteja ni kilometa mia, kwenda na kurudi mia mbili. Gari hilo linakwenda kilometa tisa kwa lita, kwa hiyo safari ilihitaji lita ishirini na mbili. Nane zimezidi, na lita nane zinatosha kupanda mlimani kwa marehemu na kushuka.

"Hesabu imekaa kama mguu na kiatu chake," Sajini alisema walipokuwa njiani kwenda gereji. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, na hesabu hiyo aliipenda kama mtoto wake wa mwisho.

"Nani alikwambia lita moja kilometa tisa?"

"Fundi anayelihudumia."

"Alipima?"

Sajini akakuna kisogo. "Alisema."

"Kwa hiyo tunataka kumfunga mtu maisha kwa sababu fundi alisema."

 Sajini aliangalia barabara kwa bidii isiyo ya kawaida yake.

Gereji ilikuwa ua wa mabati wenye udongo mweusi uliolowa oili mpaka unang'aa. Magari ya kituo yalitengenezwa hapo miaka yote, na kwa kuwa ua wa polisi ulijaa, pikapu la Seremala nalo lilivutwa likaegeshwa hapo chini ya banda, limezungushiwa utepe. Fundi mwenyewe aliwapokea langoni. Siku nyingine mtu huyu angekwisha kuwachekesha kabla hawajashuka, maana kwa kujisifu hakuwa na mpinzani mjini. Leo alisalimia kwa kifupi, akafyata mdomo.

Bi Swali aliliona hilo, akaliweka akiba.

Akaona na jambo la pili. Kwenye benchi karibu na ofisi ameketi mama mmoja wa makamo, amefunga kitambaa cheusi cha msiba, mapajani ameshika shati jeupe lililopigwa pasi. Fundi alipotokeza upande ule alizima sigara yake haraka kwa kidole, akavua kofia, akapita ameinamisha kichwa kama mtoto aliyevunja chombo.

"Yule mama ni nani kwako?" Bi Swali aliuliza.

"Nani? Yule?"

"Fundi, mama ni mmoja tu hapa."

Fundi akakunja kofia yake. "Ni mama mkwe wangu."

"Na yeye ni nani kwa mtuhumiwa?"

"Ni mama yake mzazi. Marehemu alikuwa kaka yake, tumbo moja. Mimi nimeoa dada yake Seremala."

Bi Swali akageuka taratibu kumtazama Sajini. Sajini alikuwa ghafla anavutiwa sana na bati la paa.

"Ulijua?"

"Afande, gereji ya kituo ni hii. Nilimuuliza habari za gari. Habari za mke sikumuuliza."

Bi Swali angeweza kulivuta gari kulipeleka kwingine, lakini kwingine kulikuwa mbali na saa nane haingemngoja. Akamwendea yule mama, akainama, akampa pole ya msiba.

"Asante, mwanangu," Mama alisema. "Nimemletea shati. Wanasema leo anapelekwa mbele ya watu. Sitaki waje wamwone na lile la Jumamosi." Sauti yake ilikuwa kavu. "Nimemzika kaka yangu jana. Leo mnataka nimzike na mtoto. Nitashika mkono wa nani?"

 Bi Swali alirudi kwenye pikapu, akamwambia Fundi waanze kupima gari linakula kiasi gani.

Njia ya kupima aliieleza Fundi mwenyewe, na ilikuwa nyepesi. Unachukua dumu jeupe la lita tano, unalichora mistari kwa kalamu ya wino, mstari kwa kila lita. Unalifunga ndani ya boneti, injini inakunywa kutoka dumuni badala ya tangini. Ukienda kilometa unazozijua, mistari inakwambia kilicholiwa. Kwa kuwa kipimo cha gari kilikuwa maiti, kilometa wangezihesabu kwa nguzo za mawe zilizo kando ya barabara kuu, moja kila kilometa.

Walipakia mifuko ya mchanga nyuma badala ya viti, na juu ya mifuko akapanda Sajini na galoni ya dizeli ya akiba.

"Mimi ni kiti cha ngapi?" aliuliza.

"Wewe ni seti nzima," Bi Swali alisema. "Kaa."

Fundi alishika usukani, Bi Swali akakaa ubavuni kwake. Gari liliwaka kwa mngurumo, likatoa moshi, likaingia barabarani. Halikuwa gari baya. Liliitika vizuri, halikuvuta upande, breki zilishika. Bi Swali alitazama dashibodi: kipimo cha kilometa kimesimama, mshale wa dizeli uko juu kabisa kwa kuwa tangi limejaa, mshale wa joto umelala chini. Nusu ya vitu humu vimekufa, alijisemea.  Jasho lilikuwa likimtoka Fundi mpaka kwenye nyusi, na dirisha lilikuwa wazi.

Nguzo ya kwanza. Ya tatu. Ya tano. Walipoifikia ya saba injini ikakohoa mara mbili, ikazimika. Fundi akaliacha gari lijisogeze kando.

Walifungua boneti. Dumu lilikuwa tupu.

"Umeona, afande?" Fundi alisema haraka. "Lita tano, kilometa saba. Gari lina kiu hili. Lita nane ni nini kwa gari kama hili? Hakwenda mlimani mtu. Ni kiu tu."

Sajini alishuka nyuma akipangusa suruali. Uso wake ulikuwa umepauka, maana aliiona hesabu yake imelala chini. "Sasa hii ni ngoma nyingine," alisema.

Bi Swali alikuwa akilitazama dumu. Alitaka kufurahi. Moyoni alikwisha kumwona yule mama akimvika mwanawe shati jeupe. Lakini swali lilikuwa limeshamkaa kooni.

"Fundi, kwa mwendo huu lita thelathini zinamfikisha mtu wapi?"

"Mbali kidogo tu."

"Kilometa arobaini na kitu. Mteja yuko kilometa mia. Viti vilifika. Vilifikaje?"

Fundi akapangusa dumu kwa kitambaa.

"Na wewe Sajini, suruali ina nini?"

Sajini akanusa kiganja chake. "Dizeli, afande. Nilidhani ni galoni, lakini galoni imefungwa vizuri. Inatoka ubavuni, kwenye mfuniko wa tangi."

Bi Swali akazunguka. Kweli, mfuniko wa tangi ulikuwa umelowa, na dizeli imechora mchirizi ubavuni mwa gari mpaka kwenye tairi, bado inadondoka. Tangi lililojazwa Jumapili mpaka shingoni, ambalo asubuhi hii halijanyonywa hata tone, lilikuwa linafurika.

Alirudi mbele ya gari, akasimama karibu sana na Fundi. Sauti yake ilikuwa ya chini.

"Mipira ya dizeli iko mingapi hapa?"

"Miwili, afande."

"Huu?"

"Unapeleka dizeli kwenye pampu. Umetoka dumuni."

"Na huu mwingine?"

Fundi hakutaka kujibu, lakini mpira wenyewe ulikuwa unaonekana ulikokwenda. "Injini haili kila inachopewa. Inayobaki inarudi kwa huu."

"Inarudi wapi? Dumuni ilikotoka?"

"Tangini."

"Kwa hiyo dumu linakauka, tangi linatapika, na wewe unaniambia gari lina kiu." Bi Swali alimkazia macho. "Umenichezea, Fundi. Umemchezea na shemeji yako. Unajua nikiandika hili kwenye taarifa, yeye anakuwa nani? Anakuwa muuaji mwenye ndugu wa kumfichia."

 Fundi akakaa kwenye bampa, akashika tama.

"Mimi ndiye niliyewapa ile tisa," alisema. "Jumapili Sajini alikuja akaniuliza, gari hili linakulaje? Sikujua kuna nini. Sikujua hata kama mjomba amekufa. Palikuwa na wateja wamesimama pale. Nikasema, gari nililolishika mimi halili, linalamba, kilometa tisa kwa lita, uliza popote. Sikupima. Nilijisifu tu. Jioni mke wangu ananiambia kaka yake amefungwa kwa ajili ya hiyo tisa." Akajipangusa uso kwa kofia. "Nimemfunga mimi, afande, kwa mdomo wangu. Nikasema basi nitamfungua kwa mkono wangu."

Bi Swali alitaka kumkaripia, akashindwa. Hasira alikuwa nayo, na huruma pia ilikuwepo, na muda ulikuwa unakwenda.

"Simama," alisema. "Jaza dumu kwa ile galoni, halafu funga mipira yote miwili dumuni. Sajini, wewe simama hapa, taja kila anachokigusa, mimi naangalia. Tunaanzia kwenye nguzo hii."

Safari hii hakuna aliyetania. Nguzo kumi kwenda, kumi kurudi, mwendo wa kawaida, Bi Swali akizihesabu kwa vidole kama anayehofia kuibiwa. Waliposimama tena pale pale, alifungua boneti yeye mwenyewe. Dizeli ilikuwa imekaa sawasawa na mstari wa pili kutoka chini.

"Imekula tatu," alisema Sajini. Midomo yake ilikuwa ikihesabu. "Tatu kwa kilometa ishirini. Kwa mia mbili..." Akanyamaza, akahesabu upya. "Afande, ni thelathini. Ni zilezile thelathini za kwenda kwa mteja na kurudi. Hakuna lita ya kupanda mlimani."

Fundi alifunika uso. Bi Swali alipiga simu kituoni palepale, na furaha yake haikuchukua muda.

"Nani amefunga hiyo mipira?" aliuliza Mkuu.

"Fundi, mbele ya macho yangu."

"Fundi yupi? Huyu ninayeambiwa ni shemeji yake? Gari limelala kwake tangu Jumapili. Leo linakula sana? Atakuwa ameliharibu jana. Wakili wa serikali ataicheka hiyo karatasi yako." Akashusha pumzi. "Bi Swali, nakuheshimu. Lakini saa nane ni saa nane. Mshirika amekaa hapa nje ya ofisi yangu, amekuja mwenyewe kuhakikisha."

Simu ikakatwa. Kwa hiyo kulibakia jambo moja: kujua kwa nini gari hili linakula hivyo, na kuonyesha kwamba ugonjwa ni wa zamani, si wa jana. Bila hilo, ile mistari ya dumu haikuwa na thamani.

Walirudi gereji. Mama alikuwa palepale kwenye benchi, shati mapajani. Aliwatazama usoni mmoja mmoja, hakuuliza, na kule kutouliza kwake kulimchoma Bi Swali kuliko kelele.

"Filta ya hewa," Bi Swali alimwambia Fundi.

Fundi akaichomoa. Safi, mpya, hata vumbi lake ni la kuhesabu.

"Magurudumu."

Walilinyanyua gari. Kila gurudumu lilizunguka kwa kidole, na Bi Swali alipogusa ngoma za breki zilikuwa za vuguvugu tu, hakuna breki iliyong'ang'ania. Walitafuta tone chini ya tangi, kwenye mipira, kwenye pampu. Patupu. Nozeli za kunyunyizia dizeli zilisafishwa mwezi uliopita. Kila walikogusa kazi ilikuwa nzuri, na kwa kila kazi nzuri Fundi alizidi kuzama. Mtu aliyekuwa akijisifia gari zake mji mzima sasa alikuwa anaomba moyoni akute ameboronga.

"Afande, halina ugonjwa," alisema mwishowe, sauti imekwisha. "Laiti lingekuwa nao."

Sajini alitazama saa yake, akaurudisha mkono mfukoni bila kusema ni saa ngapi.

Bi Swali aliingia kwenye gari, akakaa kwenye usukani. Hakuwa fundi, alijua kuuliza tu, na maswali yalikuwa yamemwishia. Akawasha injini, akaitazama ile dashibodi. Injini ilikuwa imetoka kukimbia jua kali likiwaka, na mshale wa joto ulikuwa umelala chini vilevile.

"Fundi, na huu mshale ulikufa lini?"

"Upi? Wa joto?" Kwa mara ya kwanza siku hiyo Fundi aliinua kidevu. "Huo mzima kabisa. Haupandi kwa sababu injini haichemki. Gari zangu zote ziko hivyo. Uliza mjini, nani amewahi kuliona gari langu limesimama njiani linafuka mvuke."

"La kituo mshale wake unasimama katikati."

"Lile bado jipya, halijafika zamu yake."

"Zamu ya nini?"

"Ya kutolewa themostati."

Bi Swali akazima injini, akashuka. "Nieleze kama unamweleza mtoto."

Fundi alikwenda ofisini akarudi na kopo kubwa la maziwa ya unga. Akalitikisa, likalia kama njuga. Ndani mlikuwa na vifuniko vidogo vya shaba na chuma, vingi mno, kila kimoja na springi yake. "Hiki ni kilango. Kinakaa kwenye njia ya maji ya injini. Injini ikiwa baridi kinafunga, maji hayaendi kwenye rejeta kupoa. Ikipata moto kinafungua. Huko kwenye barafu wanakihitaji. Sisi na jua hili cha nini? Kikikwama, gari linachemka. Kwa hiyo gari likija kwangu, la kwanza, nakitoa. Alinifundisha hivyo bwana wangu, na yeye alifundishwa na wake."

"Na hili la Seremala ulikitoa."

"Siku ya kwanza alipolinunua. Zamani sana."

"Nimekuuliza ugonjwa, umenitajia kila kitu. Hiki hukukitaja."

"Kwa sababu si ugonjwa, afande. Ni tiba."

"Kilango hakipo, maji yanapita muda wote. Injini inapata joto saa ngapi?"

"Haipati sana. Ndiyo uzuri wake."

"Na injini ikiwa baridi, asubuhi kwa mfano, pampu inafanya nini?"

"Inaongeza dizeli. Ina kifaa kinachosikia ubaridi wa maji, kinaipa injini nyingi mpaka ipate moto, halafu kina..." Fundi akasita. Macho yake yakashuka kwenye kopo. "Halafu kinapunguza."

"Isipopata moto?"

 Fundi alisimama ameshika kopo lake kwa mikono miwili, na Bi Swali aliona jambo likimwingia mtu pole pole na kumuuma lilikopita. Gari la Seremala lilikuwa likiamka asubuhi kutwa nzima, kila siku, miaka yote. Na siyo la Seremala peke yake.

"Kinaongeza tu," Fundi alinong'ona. "Kinaongeza mpaka unalizima."

"Nionyeshe kilipokuwa. Sajini, piga picha kabla hajagusa."

Nyumba ya kilango ilishikwa kwa bolti mbili juu ya injini. Sajini alizipiga picha kwa karibu, na hapo Bi Swali alipumua, maana bolti zile hazikuwa zimeguswa na mtu jana wala juzi. Zilikuwa zimeota kutu mpaka kichwa na chuma kilichokalia vimekuwa kitu kimoja, na juu yake kuna ganda la oili na vumbi gumu kama ukoko wa sufuria. Fundi alizinywesha mafuta, akazigonga kwa nyundo, akazing'ang'ania spana mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Ya kwanza ilitoka ikilia. Ya pili ilimchubua vidole. Ndani palikuwa tupu, na mahali kilango kilipostahili kukaa palikuwa na magadi yaliyoganda, meupe na mazito.

"Hii huwezi kuitengeneza kwa usiku mmoja," Sajini alisema, akipiga picha ya mwisho. "Hata kwa mwaka mmoja huwezi."

"Sasa kirudishe," alisema Bi Swali.

Fundi alichagua kwenye kopo kimoja kinacholingana, akakata gasketi ya kuziba maji kwa kipande cha kadibodi, akafunga. Mikono yake haikukosea. Wakarudi barabarani, dumu limejazwa mpaka mstari wa juu, mipira yote miwili mahali pake. Kwenye nguzo ya tatu mshale wa joto ukaanza kunyanyuka. Kwenye ya sita ulikuwa katikati, na mngurumo wa injini ukashuka, ukatulia, kana kwamba gari limekaa kitako. Fundi alilisikia badiliko lile, akauma mdomo. Waliporudi na kilometa zao ishirini, dizeli ilikuwa imepungua lita mbili na ushei mdogo tu.

"Kilometa tisa kwa lita," Sajini alisema, haamini. "Tisa yako, Fundi."

"Si yangu," alisema Fundi. "Ilikuwa ya gari. Mimi niliichukua."

Bi Swali alituma picha kwa simu, kisha akapiga. Alieleza bila kupamba: kwa ugonjwa huu wa zamani, lita thelathini ni za kwenda kwa mteja na kurudi, hazibaki za kwenda popote. 

"Alikuwa anapandishwa garini," Mkuu alisema mwishowe. "Nimemshusha. Lakini nataka maelezo ya huyo fundi, yote, pamoja na mchezo wake wa asubuhi. Ayaandike, aweke sahihi."

"Ataandika." Bi Swali akashusha sauti. "Na Mshirika yupo hapo bado?"

"Alikuwepo. Nilipoagiza mtuhumiwa ashushwe, akasema anakwenda mara moja kumwagilia koo kantini hapa kituoni."

Walipoingia uani Mama alisimama. Fundi angeweza kwenda moja kwa moja ofisini kuandika, na Bi Swali asingemzuia. Hakwenda. Alivua kofia, akamwendea mama mkwe wake mpaka hatua chache, akasimama macho chini, mikono ya oili nyuma ya mgongo.

"Mama, Seremala hakwenda mlimani. Gari lilikuwa linakula sana, na niliyeliharibu ni mimi. Nililiharibu zamani nikidhani nalitengeneza. Halafu polisi waliponiuliza, nikajisifu. Mwanao amelala mahabusu kwa sifa zangu."

 Lile shati lilikuwa limekunjamana kwenye vidole vya Mama.

"Ulijua?"

"Sikujua, mama."

"Haya. Kaandike hivyohivyo ulivyosema. Usipunguze." Fundi alipokwisha kuingia ofisini ndipo machozi yakamtoka yule mama, bila sauti, akayafuta kwa ncha ya kitambaa cha msiba. "Nimshukuru nani, mwanangu?"

"Usinishukuru, mama. Sajini atakupeleka kituoni sasa hivi, umpe shati lake mwenyewe."

Mama akaitikia kwa kichwa, akaanza kwenda, akasimama. Alipogeuka uso wake ulikuwa umebadilika, na Bi Swali alijua kilichokuwa kinakuja kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa nacho tangu kwenye simu.

"Mtoto mmenirudishia. Kaka yangu aliuawa na nani?"

"Sijui, mama. Bado sijui."

"Kuna mtu aliwaambia aliliona gari hili likipanda kule juu."

"Yupo."

"Na gari halikupanda."

"Halikupanda."

Mama alilikunjua shati, akalinyoosha kwa kiganja, akalikunja upya taratibu. "Sasa huyo," alisema, "alikuwa kule juu anafanya nini?"

 Bi Swali alikuwa ameshafungua mlango wa gari la kituo, na mkono mwingine uko kwenye simu, anamwambia Mkuu afunge lango, Mshirika asitoke.